Mtafiti aseme na nani kwanza?

Wahadhiri vijana hawaishi kubishana: muda mdogo ulionao uende kwenye kongamano la wanataaluma wenzako, au redioni na mashuleni, kwa watu ambao makala yako hawataisoma kamwe?

Wanaochagua kongamano wana hoja nzito. Cheo chuoni hupanda zaidi kwa machapisho yaliyopita mikononi mwa wataalamu wengine. Kongamanoni unapewa dakika 15, kisha mtu wa safu ya nyuma anakuuliza sampuli uliipataje, na jasho linakutoka. Mtangazaji wa redio hana shida na sampuli. Anataka jibu moja fupi kabla ya matangazo ya biashara, na ukishalitoa, ile "huenda" yako haisikiki tena.

Lakini kuna kisa cha Iringa. Miaka ya 1960, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alikwenda kuzungumza na wanafunzi wa sekondari ya Mkwawa. Mmoja wao, Erasto Mpemba, akauliza: ukiweka kwenye friza maji ya nyuzi 35 na mengine ya nyuzi 100, kwa nini yale ya moto hutangulia kuganda? Jambo hilo alikutana nalo mwaka 1963 akitengeneza aiskrimu katika sekondari ya Magamba. Wenzake wakamcheka. Osborne akaahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara akarudi na habari kwamba kweli, ya moto yametangulia, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Sidhani kama kongamano lolote lingempa Osborne swali lile. Msomi mwenye jina angeona haya kuliuliza. Wanaohimiza watafiti kwenda kwa umma hulisahau hili, wakahesabu picha na wafuasi tu.

Hata hivyo, kisa hichohicho kinawapa nguvu wenye tahadhari. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden waliandika katika jarida la Scientific Reports kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo la maji ya moto kuyatangulia ya baridi, na kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kukupa matokeo ya uongo. Ubishi bado upo, ingawa jina la Mpemba limeshaenea dunia nzima.

Kwa anayesubiri cheo, ningepanga hivi: shuleni na vijijini uende mapema, utafiti ukiwa bado mbichi, ukaulizwe maswali. Redioni usubiri mpaka makala ipitishwe. Na barua za mialiko uzitunze, maana kwenye fomu za tathmini huduma kwa jamii mara nyingi hupewa alama chache, na hizo chache hutazipata bila karatasi.