Mwani wa maji taka unadaiwa deni la dizeli

Ukitaja tu kukuza mwani, ule ukijani mdogomdogo wa bwawani, kwenye maji machafu ya kiwanda, kuna mtu atakurukia "si Wamarekani walishashindwa?" Na hajakosea sana, mradi wao wa kutengeneza mafuta ya mwani, wa 1978 mpaka 1996, ulikula kama dola milioni 25 na bado mafuta hayo yakaonekana ghali kuliko ya kisimani. Ila jamani, wale walikuwa wanatafuta dizeli! Sisi tunaongelea kusafisha maji.

Chukua maji ya kiwanda cha bia. Sumu ya kutisha hamna, ni masukari na wanga, bakteria wanayala vizuri tu, shida yao wanataka oksijeni, na kwenye mitambo mingi hiyo inapulizwa na mashine usiku na mchana, umeme wa kupuliza peke yake mara nyingi unafika nusu ya umeme wote wa mtambo. Nusu! Yaani unalipia bili kitu ambacho ukijani unakitoa bure jua likiwaka. Mhandisi William Oswald aliliona hili California tangu miaka ya 1950: bwawa la kina cha sentimita 30 hivi, gurudumu linazungusha maji taratibu, mwani unatoa oksijeni, bakteria wanakula uchafu na kutoa kaboni dioksidi, mwani nao unaichukua. Watu wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, wamelijaribu na maji ya kiwanda cha bia cha Ibhayi, na maji yaliyosafishwa wakakuzia mboga na samaki.

Sasa wanaopinga nao wana hoja, tena moja nzito kweli. Lita moja ya bwawa kama hilo ina mwani kama nusu gramu, kwa hiyo kilo moja kavu ni kuchuja lita 2,000, na chembe zenyewe hazionekani kwa macho, chekecheo gani hiyo? Na kuuacha huwezi, maana ukitoka na maji mtoni unaoza kule na uchafu umeuhamisha tu. Usiku nao hautoi oksijeni. Viwanda vya ngozi ndo kabisa, mwani unanyonya kromiamu, ile metali ya kusindikia ngozi, halafu mwani huo umlishe kuku wa nani?

Kwa hiyo mimi naanza na bia, maziwa, matunda, penye jua na eneo. Kiwanda cha katikati ya mji chenye uwanja wa kupaki malori mawili, hao wanunue tu mashine za kupuliza.