Barua ya Bata Mzinga

Barua imekuja. Nimeingoja miezi minne, na leo imekuja na mhuri wa duara, wa zambarau, uliogongwa juu ya saini mpaka saini yenyewe haisomeki. Nikavaa miwani, nikakaa kibarazani, nikasoma neno la kwanza: YAH.

Najua ni kifupi cha "yahusu". Lakini kila nikiliona nahisi kuna mtu ananizomea.

Mimi niliuliza jambo moja tu, tena kwa mkono, kwenye karatasi niliyochana daftarini: bomba letu halitoi maji tangu Ramadhani, yatatoka lini? Mistari miwili. Jibu ni ukurasa na nusu. Sikilizeni: "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Ofisi inapenda kukutaarifu kuwa ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi kwa kuzingatia sheria, kanuni, taratibu na miongozo iliyopo, ambapo upembuzi yakinifu unaendelea ili kubaini mahitaji ya uboreshaji wa miundombinu husika, na mchakato utakapokamilika wadau mtajulishwa."

Nimeisoma mara tatu. Ya tatu nimesoma kwa sauti, labda maji yatasikia.

Hivi mimi nimekuwa mdau tangu lini? Zamani nilikuwa mwananchi. Baadaye wakaniita mteja, nikakubali, maana mteja angalau ana risiti. Mdau ana nini? Mdau anaitwa semina, anapewa soda na kalamu, anapiga picha ya pamoja, anarudi nyumbani na kiu yake.

Halafu huo upembuzi yakinifu. Mke wangu anapembua mchele kila jioni. Anashika ungo, anarusha, pumba huko, mawe huku, dakika kumi kwisha, na wali tunaula usiku huohuo. Wa kwao una miezi, na hata jiwe moja halijatoka. Na mchakato nao! Kwa kulisikia tu ungedhani ni mdogo wake mchakamchaka, lakini mchakamchaka watu wanakimbia.

Nikafunga safari mpaka ofisini. Kijana wa mezani ana adabu zake, siwezi kumsingizia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Maji yanakuja, hayaji?"

"Mzee wangu, suala lako liko kwenye hatua nzuri."

"Hatua zipi?"

"Za awali."

"Zikiisha za awali?"

"Tunaingia za utekelezaji."

"Lini?"

"Mara tu baada ya za awali kukamilika."

Alikuwa anakula kitumbua. Nikatupa jicho, nikaona jalada langu ndilo sahani. Nikafarijika kidogo: angalau liko mezani.

Jioni nikamsimulia mpwa wangu wa chuo. Akacheka, akasema Wamarekani wana jina la lugha hiyo: gobbledygook. Nilijaribu kulitamka, meno ya bandia yakataka kutoka. Akanieleza kuwa mwaka 1944, katikati ya vita, kulikuwa na bwana mmoja wa Texas, Maury Maverick, mbunge wa zamani, aliyekuwa bosi wa shirika la serikali la viwanda vidogo vya vita. Alichoshwa na makaratasi ya namna hii, akawaandikia wafanyakazi wake waache maneno makubwa. Alitaja mawili ya Kiingereza, moja ndiyo hiyohiyo "utekelezaji" ya kijana wangu, akasema atakayeyatumia atapigwa risasi. Utani, bila shaka. Ila ningependa nione sura za makarani asubuhi ile.

Ukoo wenyewe una vituko. Babu yake, Samuel, alikuwa na ng'ombe asiowatia chapa, na mpaka leo Mwingereza akimwona mtu asiyefuata kundi anamwita kwa jina la ukoo huo. Babu neno, mjukuu neno.

Alipoulizwa amelitoa wapi hilo gobbledygook lake, Maverick alisema labda ni kwa bata mzinga wa kwao Texas: anagobogoa, anatembea kwa maringo, na mwishoni mwa mlio kuna kama "guk".

Hapo nikainuka. Jirani yangu anafuga bata mzinga! Nikachungulia ugani. Dume lilikuwa limevimba kama gunia la mkaa, mkia umefunuka kama feni, mabawa yanakwaruza mchanga, ile nyama nyekundu ya shingoni inatikisika. Linakwenda hatua tano mbele, linageuka, hatua tano nyuma. Haliendi popote. Nikatoa barua mfukoni, nikalisomea aya ya kwanza. Likajibu: gobogobogobo. Aya ya pili, likajibu. Wallahi tulizungumza kirefu kuliko nilivyozungumzishwa ofisini. Nikafika mstari wa mwisho, ule wa chini kabisa: "Nakala: Jalada."

Guk.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

"Baba, barua inasemaje?"

"Tunafanyiwa upembuzi yakinifu."

Akaniangalia, akamwangalia bata mzinga, akaingia ndani. Akatoka na madumu mawili ya lita ishirini.

"Haya. Wao wapembue, wewe ukachote."

Nikaenda kwa mama mwenye kisima, mtaa wa nyuma. Mama yule shule hakwenda mbali, mwenyewe anasema. Ukutani ameegemeza ubao, ameandika kwa mkaa: MAJI YAPO. DUMU 200.

Nilisimama pale nikausoma mara mbili, kwa raha tu, mpaka waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kuguna.