Anataka udaktari, kwa nini asome historia?

Mzazi aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) Tanzania kisha akahamia Marekani hushtuka mwanawe akisema anataka kuwa daktari, na chuoni amejiandikisha historia. Kwetu ukitoka kidato cha sita unaingia MD, shahada ya udaktari, moja kwa moja, miaka 5. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi havijali ni shahada ya nini, mradi umepita biolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na maabara zake.

Wanaotetea biolojia wana hoja: masomo hayo ya lazima tayari yamo kwenye programu, hayaongezi muhula wala ada. Upande wa pili nao una ushahidi. Chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuchukua wanafunzi wa fasihi na historia bila MCAT, mtihani wa kuombea nafasi ya udaktari. Utafiti wa mwaka 2010 uliwakuta wakienda sambamba na wenzao, ingawa mtihani wa kwanza wa leseni uliwasumbua kidogo.

Mimi naangalia alama kwanza. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi, hupiga wastani wa masomo yote, kisha wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Ukipata D ya kemia ya kaboni, ukarudia ukapata A, zote mbili zinahesabiwa. Historia haimfichi mtu hapo.

Uuguzi ndio kipenzi cha familia zetu, na si bure: miaka 4, mtihani wa leseni ya uuguzi (NCLEX), mshahara. Ila fizikia na kemia ya kaboni kwa kawaida hazimo, na zamu za wodini hula muda wa kuzisomea pembeni.

Kila mwaka zaidi ya nusu ya waombaji wa udaktari hukosa nafasi. Kwa hiyo nyumba inayosubiri mshahara, naona bora uuguzi, hata udaktari ukichelewa. Mwenye ufadhili asome historia yake bila kuomba radhi. Biolojia nawaachia wanaoipenda kweli, maana yenyewe tupu haina soko kubwa kama wazazi wanavyodhani.

Na aliyeko kwa viza ya mwanafunzi aulize jambo jingine kabla ya yote: vyuo vingi vya udaktari kule havipokei asiye raia wala mkazi wa kudumu.