Kuchora fomu au kuiandika: ubishi unaomsahau keshia

Hapa Moshi bado yapo maduka ya vipuri na ya dawa yanayouza kwa mfumo uliotengenezwa kwa Visual Basic 6, zana ya Microsoft ya kutengenezea programu, toleo la mwaka 1998. Watu wa kompyuta wakiyataja, ubishi ni uleule. Kuna wanaosema Visual Basic iliharibu ufundi, ikamfanya kila aliyejua kuburuta kitufe ajiite programa. Na kuna wanaojibu kwamba bila hiyo maduka hayo yangeendelea na daftari. Mimi nipo zaidi na hawa wa pili, lakini kuna jambo moja la zamani ambalo tulilipoteza bila hata kulijadili.

Windows ya kwanza ilitoka Novemba 1985. Aliyetaka kisanduku cha mazungumzo, yaani kile kidirisha kinachojitokeza kukuuliza jambo, alikiandika kwa maneno. Katika faili la rasilimali aliorodhesha mstari kwa mstari: maandishi, kisanduku cha kujazia, kitufe cha OK, kila kimoja na namba yake, mahali pake na ukubwa wake. Vipimo vilifuata herufi: robo ya upana wa wastani wa herufi kwa mlalo, sehemu moja ya nane ya kimo chake kwa wima. Herufi zikiwa kubwa, kisanduku nacho kinakua. Halafu kwa lugha ya C aliandika msimbo wa kupokea ujumbe wa Windows na kuuliza kilichobonyezwa ni namba ngapi. Jasho lote hilo kwa fomu ya visanduku sita.

Visual Basic ilipotoka mwaka 1991, ikitumia wazo la kuchora fomu ambalo programa Alan Cooper aliiuzia Microsoft, jasho hilo liliisha. Unaweka kitufe kwenye fomu, unakibofya mara mbili, unaandika kitakachotokea. Mhasibu aliyejisomea jioni aliweza kumtengenezea mwenye duka mfumo unaotoa ankara. Anayedharau hilo hajawahi kufunga hesabu za mwezi kwa kalamu.

Wanaolaumu wana hoja yao pia. Kwa kuwa kitufe ndicho kilichokuwa mbele ya macho, msimbo wa kila kitu uliwekwa humo: bei, punguzo la fundi, VAT, kupunguza stoo. VAT iliposhuka kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009, aliyeandika 20 kwa mkono ndani ya kila kitufe alilazimika kuisaka kitufe kwa kitufe. Lakini hata C haikumzuia mtu kufanya uzembe huo. Tusiusingizie mchoro.

Kilichopotea ni mpangilio. Katika faili la zamani, mfuatano wa mistari ndio uliokuwa mfuatano wa Tab, kile kitufe cha kibodi kinachokuhamisha hadi kisanduku kinachofuata: kilichoandikwa kwanza ndicho kinachofikiwa kwanza. Usingeweza kuandika fomu bila kufikiria mkono wa mtumiaji utapita wapi. Visual Basic yenyewe hukipa kila kitufe au kisanduku cha fomu namba ya zamu, TabIndex, kwa jinsi kilivyowekwa. Ukikamilisha fomu leo na mwaka kesho ukaongeza kisanduku, kwa macho kitakaa unapotaka, ila zamu yake ni ya mwisho hadi uibadilishe mwenyewe.

Nimeliona hili kwenye kaunta moja. Mashine za EFD, za kutoa risiti za kodi, zilipoingia mwaka 2010, wateja wenye kampuni walitaka TIN yao, namba ya mlipakodi, ionekane kwenye ankara. Programa akachomeka kisanduku cha TIN kati ya jina la mteja na bidhaa, kikapendeza. Keshia anaandika jina, anabonyeza Tab, anaangukia kwenye bidhaa. TIN imerukwa, zamu yake ipo baada ya kitufe cha Hifadhi. “Mdogo wangu, mimi nikiandika siangalii kioo, naangalia karatasi ya stoo,” aliniambia. Ankara zake zikawa zinatoka bila TIN, na lawama zikamwangukia yeye.

Enter nayo ina kesi yake. Waliozoea dBase na Clipper, zana za kutunzia kumbukumbu za enzi za DOS kabla ya Windows kuenea, walijua Enter inakupeleka kisanduku kinachofuata. Kwenye Windows, Enter hubonyeza kitufe kilichowekwa kuwa cha kawaida, mara nyingi OK au Hifadhi. Kwa kidirisha cha kuuliza “Ufute?” kanuni hiyo ni nzuri. Kwa mtu anayeingiza ankara mchana kutwa ni balaa: anaandika idadi, anagonga Enter kwa mazoea, ankara inahifadhiwa nusu. Maprograma wengi wa mitaani waliandika msimbo mfupi wa kuigeuza Enter kuwa Tab, wakachekwa na wasomi. Naona waliochekwa walikuwa sahihi.

Microsoft iliacha kuihudumia zana ya kutengenezea ya Visual Basic 6 mwaka 2008, ingawa programu zake bado zinafunguka kwenye Windows 11. Kurekebisha zamu za Tab si kazi kubwa: faili la .frm, ambamo fomu imeelezwa, ni maandishi matupu, hata Notepad inalifungua, na kila TabIndex inaonekana. Sharti uwe nalo. Wenye maduka wengi walikabidhiwa .exe peke yake, yaani programu iliyokamilika, wakalipa, hawakujua kuna faili jingine la kudai.