Laki tisa mkononi: fikiria lenzi kwanza

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinitumia picha ya boksi la kamera kwa WhatsApp, na chini yake kaandika: "Shikamoo mjomba. Hii vipi?" Amedunduliza laki tisa. Anataka kuanza kupiga picha za sherehe za mtaani kwao Mbagala, sendofu, kicheni pati, ubarikio, na muuzaji kamwambia Canon 4000D ndiyo ya kuanzia: mpya, haijafunguliwa, na begi anapewa bure.

Nilimpigia simu hapo hapo kabla hajatoa hela.

Neno "mpya" linawaponza vijana wengi. 4000D ilitoka mwaka 2018, lakini megapikseli zake 18 ni zile zile Canon walizokuwa nazo kwenye 550D ya mwaka 2010. Ili bei ishuke, wamepunguza kila kinachopunguzika. Toa lenzi uangalie pale inapojifungia: ni plastiki, si chuma. Flashi haina kitufe cha kuiinua, unaivuta kwa kidole. Kioo cha nyuma ni inchi 2.7, hivyo ukitaka kuhakikisha kama bwana harusi kafumba macho unabaki kukodoa. Pa kuchomeka maiki hakuna, na siku hizi mteja wa picha lazima aulize na video.

Sasa weka pembeni yake 600D ya mwaka 2011 au 700D ya 2013, zilizotumika. Pa kufungia lenzi ni chuma, kioo cha inchi 3 kinachofunguka na kugeuka, tundu la maiki lipo, na sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa picha, inajitikisa yenyewe kupunguza vumbi. Megapikseli ni 18 pia, na zinatosha: picha ya pikseli 5184 kwa 3456 unaichapa karibu ukubwa wa A3 bila kuharibika. Mteja wako ataiweka kwenye albamu na status. Usikubali mtu akuuzie namba.

Wa Nikon nao nawaheshimu. D3500 ina megapikseli 24, na kwa makadirio ya kampuni betri yake inafikisha picha 1,550, yaani harusi nzima hutafuti soketi. Lakini haina pa kuchomeka maiki, wakati D3300 ya mwaka 2014 inapo. Na kuna jambo linalowaumiza wengi: bodi hizi ndogo za Nikon, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hazina ndani mota ya kuweka fokasi, ule ukali wa picha. Ukipewa lenzi ya 50mm ya zamani ya herufi D kwa bei ya kutupa, itaingia vizuri tu, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwenye lenzi, kwa sababu ndiyo inayoamua kama utaitwa tena.

Fikiria ukumbi saa tatu usiku. Taa kubwa zimezimwa, zimebaki za MC, zambarau na bluu, na maharusi wanaingia. Lenzi ya 18-55 inayokuja kwenye boksi, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake linafunguka f/5.6 tu, na namba hii ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ya 50mm inafunguka f/1.8. Tofauti hiyo ni mwanga karibu mara kumi. Ile ya kwanza itakulazimisha upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha iwe chengachenga, au uwashe flashi ya juu ya kamera, nayo inampiga mtu usoni moja kwa moja: paji la uso linang'aa, nyuma giza tupu. Na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoonewa zaidi. Kamera ikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi unazama. Mama wa watu kakaa saluni tangu alfajiri! Ongeza mwanga kidogo kwa kile kitufe cha alama ya kujumlisha na kutoa, fungua lenzi, na ule weusi unarudi na rangi zake, wekundu wa shavu na mng'ao wa mafuta. Picha hizo ndizo watu wanazozitafuta, na hazitoki kwenye boksi la ofa.

Haina maana utupe 18-55. Kwenye bodi hizi 50mm inabana kama 80mm kwenye Canon zenye sensa kubwa, kwa hiyo ukoo mzima ukisimama sebuleni hawaenei. Nunua bodi iliyotumika yenye 18-55 yake, halafu kinachobaki kiende kwenye 50mm.

Ila vya kutumika vinataka macho. Miaka ya nyuma niliwahi kuuziwa lenzi nzuri kabisa kwa nje, nikafika nayo nyumbani, nikamulika tochi ya simu ndani: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kuvu. Kwa unyevu wetu wa pwani ni ugonjwa wa kawaida, na kuusafisha ni kufungua lenzi nzima. Tangu siku hiyo simlipi mtu kabla sijamulika. Pia funga tundu hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe, uikuze. Madoa meusi ni vumbi la kwenye sensa. Nikon inakupa idadi ya picha zilizopigwa ndani ya faili lenyewe. Canon hizi ndogo hazikupi, kwa hiyo sikiliza shata, lile pazia linalofunguka na kufunga ukipiga picha, na uangalie raba za kushikia zimelika kiasi gani.

Jumamosi tulienda wote Kariakoo. Tulizunguka maduka matano, tukakataa lenzi mbili, mwisho akachukua 700D na lenzi ya 50mm. Nje ya duka palikuwa na mama anauza chapati na chai chini ya mwavuli, na mpwa wangu akamwomba ruhusa. Picha ya kwanza. Akaikuza kwenye kile kioo: mvuke wa chai umelainika nyuma, kope zinahesabika, kijasho kidogo juu ya mdomo. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kamera, akaitazama kwa muda.

"Andika namba yangu," akamwambia. "Binti yangu anaolewa mwezi wa kumi."