Aliquippa na mpira wa Ijumaa usiku

Kuna lawama inayowaandama watu wa Aliquippa, mji mdogo kando ya Mto Ohio, kama kilomita 30 kutoka Pittsburgh, jimboni Pennsylvania: mji umefukarika, maduka ya Franklin Avenue yamefungwa, nao bado wanajazana uwanjani Ijumaa usiku kuwashangilia vijana wa sekondari wanaogongana kwa futiboli ya Kimarekani.

Wanaolaumu wana hoja. Mchezo huu huumiza ubongo, na madhara ya kugongwa mara kwa mara huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Njia ya kutokea nayo ni nyembamba: kwa makadirio ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, ni wachezaji kama 7 tu kati ya 100 wa sekondari wanaofika kucheza chuoni, na kutoka huko wanaoingia ligi ya kulipwa, NFL, ni wachache mno. Kijana aliyebebeshwa fahari ya mji mzima akiwa na miaka 17, akifika 19 hana timu, atashika lipi?

Ila wanaouliza hivyo wanaanza hesabu katikati. Mwaka 1930 Aliquippa ilikuwa na watu wapatao 27,000. Sensa ya 2020 ilikuta 9,000 na ushei. Kwa kila watu watatu, wawili hawapo! Na hawakufukuzwa na mpira. Mji ulijengwa na kampuni ya chuma ya Jones & Laughlin, iliyoigawa mitaa kwa namba: Plan 6 ya mabosi, Plan 11, Plan 12, na wahamiaji wa kila taifa wakatengewa upande wao, Weusi nao wao. Miaka ya 1980 kazi zikaisha kiwandani, maelfu wakabaki mikono mitupu. Watu waliopangiwa kuishi mbalimbali walikuwa wakichanganyika kazini na uwanjani. Kazi imekwenda, uwanja umebaki. Anayeona ushabiki huu kuwa ndio ugonjwa wa mji hajatazama kilichoondoka.

Uwanja wenyewe uko bondeni, ndiyo maana wanauita The Pit, yaani Shimo. Sekondari ya mji huu imetoa wachezaji watatu waliomo katika Jumba la Heshima la futiboli huko Canton, Ohio: Mike Ditka aliingia 1988, Ty Law 2019, Darrelle Revis 2023. Majiji makubwa mangapi yana shule moja inayoweza kusema hivyo? Katika fainali ya jimbo ya 2003, Revis alifunga mara 5, Aliquippa ikashinda kwa pointi 32 dhidi ya 27. Mjomba wake, Sean Gilbert, alikuwa amemtangulia kutoka mji huohuo, akachaguliwa wa 3 NFL ilipogawana wachezaji wapya mwaka 1992. Kwa hiyo mvulana wa pale hakuokota ndoto yake kwenye televisheni. Aliyefanikiwa ni mjomba, au jirani wa mtaa wa pili. Hapo ndipo penye nguvu, na nakiri, ndipo penye hatari pia, kwa sababu mjomba anayeonekana huwafunika wajomba kumi wasiotajwa.

Sasa litazameni jambo la 2024. Pennsylvania hupanga shule katika madaraja 6, kutoka 1A ya shule ndogo hadi 6A. Kwa idadi ya wanafunzi Aliquippa ni ya chini kabisa, lakini kanuni ya PIAA, chama cha michezo ya shule jimboni, huzipandisha timu zinazoshinda sana na kupokea wachezaji wanaohama. Ilikuwa tayari 4A, ikatakiwa kwenda 5A. Shule ikaenda mahakamani, na mahakama ya kaunti ikazuia.

Chama nacho kina la kusema. Timu iliyotwaa ubingwa wa 4A mwaka 2023 kwa 60 dhidi ya 14 haiwezi kulia kwamba inaonewa, na shule nyingine ndogo zingefanywaje zikikutana nayo kule chini? Kwa haki ya ushindani, nakubali.

Lakini shule ilitetea afya. Timu kubwa ina kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda. Mmoja akiwa uwanjani, mwingine anakunywa maji. Kwa Aliquippa wengi ni walewale. Robo ya nne inapofika, mvulana aliyekimbia usiku kucha anakutana na mtu mwenye kilo nyingi kuliko yeye, tena aliyepumzika. Mji unaosemwa kuwatoa wanawe kafara kwa sifa ndio uliokwenda kwa hakimu kukataa kupandishwa daraja.

PIAA hupanga madaraja upya kila baada ya miaka 2. Inahesabu ushindi, inahesabu waliohamia. Ningetaka ihesabu pia wavulana wanaocheza mechi nzima bila kutoka.