Pipa, mtaro na ukuta: nani anamfuga mbu wa mjini?

Kila masika yakikolea Dar es Salaam, tangazo ni lile lile: fyekeni majani, fukieni madimbwi, atakayekutwa na mazalia ya mbu atatozwa faini. Mwenyekiti wa mtaa analipitisha kwa kipaza sauti, na afisa afya anafuata nyuma na kitabu cha risiti. Wananchi nao wanamwonyesha mtaro ulioziba mbele ya nyumba zao na kuuliza: huu mnamtoza nani? Mabishano haya nimeyasikia miaka mingi, na kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili humsema mbu kana kwamba ni mmoja.

Mjini wako watatu wa kuogopwa, na kila mmoja ana maji yake. Anofelesi, mwenezaji wa malaria, kwa asili hupenda maji ya wazi yanayopigwa na jua na yasiyo na uchafu mwingi: kidimbwi, alama ya tairi la lori, mfereji kati ya matuta. Kuleksi, yule anayetulilia masikioni usiku, amezoea karo, shimo la choo na mtaro uliotuama, na katika miji ya pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha. Wa tatu ni aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa juu, na huleta chikungunya pamoja na homa ya dengi, ambayo Waswahili huiita kidingapopo. Mtaro haumhusu sana. Yeye hutafuta chombo: pipa, tairi, kopo, chungu cha maua, kifuu cha nazi.

Ukishawatenganisha hivyo, hata swali la kama mji huongeza mbu au huwapunguza linabadilika. Wanaosema mji huwapunguza wana hoja nzito. Dar es Salaam ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, mbali kabisa na Kigoma au Geita. Ardhi imefunikwa kwa saruji na maji mengi yamechafuka, basi anofelesi hupungukiwa na pa kutagia. Lakini hoja hiyo isitulaze. Watafiti wamekuta viluwiluwi vya anofelesi hapa hapa Dar kwenye maji ambayo vitabu vya zamani visingeamini angeyakubali. Na katika mabonde kama la Msimbazi, maji yanayosimama kati ya matuta ya mboga yanampa kile ambacho saruji ilimnyima. Kuna wanaotaka bustani hizo ziondolewe. Mimi sikubaliani nao. Mchicha na matembele ya mjini yanalisha watu na kusomesha watoto, na mfereji wenye mteremko, ambao maji yake yanatembea, hauzai mbu. Mkulima anahitaji kuelekezwa namna ya kuchimba, si kufukuzwa bondeni.

Kuna pia habari mbaya zaidi kutoka kaskazini. Anofelesi wa aina ya stefensi, aliyezoeleka katika miji ya Asia ya Kusini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 waliripotiwa zaidi ya 73,000. Hakuna anayedai kwamba mbu huyo peke yake ndiye aliyefanya yote hayo, lakini wataalamu wengi wanamhusisha nayo. Ameshafika Ethiopia, Sudan na Somalia, na mwaka 2022 alipatikana Marsabit, Kenya. Kinachotisha ni tabia yake. Anataga kwenye matangi ya maji na mapipa ya mafundi wa ujenzi, anaeneza malaria kama ndugu zake lakini anaishi kama aedesi. Akiteremka mpaka Mombasa, Tanga au Dar, ile kinga tuliyodhani saruji inatupa itakuwa imetoboka.

Hapa ndipo pipa linapokuwa kiini cha mjadala. Kwa nini lipo? Kwa sababu bomba halitoi kila siku. Dar inategemea Mto Ruvu kwa sehemu kubwa ya maji yake, na ukame wa mwaka 2022 ulipolipeleka jiji kwenye mgao, kila mwenye ndoo aliijaza na kila mwenye dumu alilijaza. Mwenye simtanki lenye mfuniko unaobana alikuwa na nafuu. Mpangaji wa chumba kimoja alifunika pipa lake kwa kipande cha bati. Aedesi anapita pembeni ya bati bila shida.

Tunaambiwa mvua ndiyo inayoleta mbu, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini kumbukeni Lamu mwaka 2004. Chikungunya ililipuka huko wakati wa ukame, na wachunguzi waliohusisha mambo hayo mawili walieleza kwamba watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani katika vyombo visivyomwagwa na kusuguliwa mara kwa mara. Kwa hiyo anayesema chanzo ni miundombinu hakwepi wajibu. Kumtoza faini mama aliyehifadhi maji kwa sababu bomba limekauka ni kumwadhibu kwa kujinusuru.

Hata hivyo, siwezi kuuachia upande huo ushindi wote. Singapore ina maji ya bomba saa 24, mitaro yake inasifiwa dunia nzima, na wakaguzi wanaoingia nyumba kwa nyumba wana mamlaka ya kutoza faini. Mwaka 2020 ilipata wagonjwa wa dengi zaidi ya 35,000. Maji ya uhakika hayaondoi tairi nyuma ya gereji wala kisahani chini ya chungu cha maua. Wakati wa mlipuko wa dengi hapa Dar mwaka 2014, watafiti waliokagua kata kadhaa walikuta matairi yaliyotupwa na vyungu vya maua ndiyo mazalia makuu ya aedesi. Vyungu vya maua si mali ya uswahilini peke yake, na mgao hauhusiki navyo. Miaka mitano baadaye, mlipuko wa 2019 uliwapata watu zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa wakazi wa jiji hili.

Kazi nzuri imewahi kufanyika, na inafaa isisahaulike. Mwaka 2004 Dar ilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini, na kuanzia 2006 viluwiluwi vikaanza kuuawa kwa dawa iliyotengenezwa kwa bakteria, kwanza katika kata tatu. Wakaazi wa mitaa yenyewe ndio waliopita kila wiki wakikagua madimbwi, na maambukizi kwa watoto yalipungua. Shida mojawapo iliyowakwamisha ilikuwa ukuta na geti, maana mazalia yaliyo ndani ya uzio yalikuwa rahisi kuwapita. Leo dawa ya aina hiyo inatengenezwa Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, lakini inahitaji kurudiwa kila wiki, kwa miguu, na mtu anayelipwa. Zanzibar nao, huko Makunduchi mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga punje za polistirini, aina ya plastiki nyepesi, ndani ya mashimo ya vyoo. Zilielea, viluwiluwi vya kuleksi vikakosa hewa, na mbu wakapungua sana. Kila mbu alifuatwa kwenye maji yake.

Linganisheni hayo na tangazo la kufyeka majani. Mbu mzima hupumzika kwenye majani lakini hatagi humo. Mtaa unaweza kufyekwa ukang'aa na dengi ikaendelea, kwa sababu mapipa yamebaki vile vile. Hata kuyamwaga tu hakutoshi. Mayai ya aedesi hung'ang'ania ukuta wa chombo juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi; pipa likijazwa tena, yanaanguliwa. Lazima lisuguliwe kila wiki, maana kwa joto letu yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi.

Kama ningekuwa na sauti katika halmashauri, ningeomba kwanza kitu cha gharama ndogo. Siku mamlaka ya maji inapotangaza mgao, idara ya afya itoke siku hiyo hiyo na tangazo lake la mbu, na afisa afya aje na brashi na kipande cha neti cha kufungia mdomo wa pipa. Kitabu cha risiti akipeleke kwenye gereji yenye rundo la matairi, kwenye jengo ambalo ujenzi wake umesimama na mashimo yake yamejaa maji, na kwenye geti ambalo halijawahi kumfungulia mkaguzi.